Uoto na udongo wa Kishushe

Kishushe ni eneo la nyika katika Kaunti ya Taita Taveta, Kenya, kati ya Milima ya Taita na Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi. Pepo za kusi huacha unyevu mwingi milimani, hivyo mvua ya hapa ni haba na haitabiriki.

Uoto wa asili ni vichaka vya migunga na miti ya jamii ya manemane. Miti hii ya manemane inastahili kutazamwa kwa makini: hupukutisha majani kiangazi kizima, lakini chini ya gome lake linalobanduka kama karatasi mna ngozi ya kijani inayoendelea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Mibuyu husimama huku na huku.

Udongo mwingi ni mwekundu kwa oksidi za chuma, na miamba ya hapa ina madini hayo yanayochimbwa. Mboji ni haba. Vichuguu vya mchwa hukusanya rutuba, na nyasi hustawi kandokando yake. Palipofyekwa au kuchimbwa, tabaka la juu husombwa na mvua za kwanza, nalo huchukua miaka mingi mno kurudi.