Hongo ya Kupita

Siku hizi hongo ni rushwa. Katika karne ya 19, ninayoisoma kwa tasnifu yangu ya uzamili, ilikuwa ushuru: mfanyabiashara mgeni alimpa mtemi nguo, shanga au nyaya za shaba, naye akapewa njia. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, akikwepa vita vya Mirambo, alipita kwetu Ukonongo kwenda Ujiji. Huko Uha alidaiwa doti baada ya doti, hadi akatoroka usiku. Alilalamika sana, lakini angalau aliketi na waliomdai, wakabishana bei.

Mjomba wangu anauza asali hapa Inyonga. Mwaka jana alialikwa kwenye maonyesho Ulaya. Viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Akapanda treni Mpanda hadi Dar es Salaam na barua ya mwaliko, taarifa za benki, leseni ya biashara. Dirishani walichukua alama za vidole. Aliyeamua hakumwona. Jibu lilikuwa fomu, vema moja kwenye kisanduku: kuna shaka kama atarudi nyumbani.

Ana mizinga mia mbili msituni. Fomu haikuwa na nafasi ya kuiandika.