Mvumo

Mafundi mitambo wengi huita kila sauti isiyotakiwa "kelele". Lakini kelele hupigwa. Gitaa la umeme lililowashwa bila kuguswa halipigi kelele, linavuma: waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye sumaku chini ya nyuzi hunasa umeme wa nyumbani, mizunguko 50 kwa sekunde, na amplifaya huukuza. Bahari huvuma, upepo huvuma; huo nao ni mvumo.

Tanga, mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambako kikundi cha Black Star Musical Club waliingiza gitaa la umeme katika taarabu, ina haki ya kulishikilia neno hili.

Kifaa cha kuuzuia mvumo huo wa gitaa, basi, nakiita geti la mvumo. Sauti ikishuka chini ya kiwango ulichopanga, geti hujifunga; ukipiga, hufunguka, na mvumo hupita pamoja na noti. Haliutibu, linauficha tu penye kituo. Kiwango kikizidi, mkia wa noti hukatwa, na taarabu (wenyewe mnajua) huishi kwenye mikia. Anza na kiwango cha chini kabisa, ukipandishe polepole mpaka mvumo unyamaze, uishie hapo.