Mawe ya Simanjiro, majina ya dukani

Ukivunja kijiti cha mnyaa, utomvu mweupe unachuruzika papo hapo, na mtoto wa Babati huonywa mapema asije akaupeleka jichoni. Wamasai mmea huu huuita emanyara. Ndio waliokuwa wakiupanda kuzungushia maboma ya ng'ombe, na Ziwa Manyara likapata jina kwa mmea. Mwaka 2002 Mkoa wa Arusha ulipomegwa na Babati ikawa makao makuu ya mkoa mpya, nao mkoa ukapata jina kwa ziwa. Kila muhuri unaogongwa kwenye barua za mkoa, basi, umebeba ua wa ng'ombe.

Mawe ya mkoa huu hayakubahatika kupewa majina na wenyeji.

Chukua tanzanaiti. Inachimbwa Mererani, wilayani Simanjiro, na kutoka Babati mtu huenda huko kwa kuzungukia Arusha, kwa hiyo wengi wetu tunaijua kwa picha. Nani aliiona kwanza mwaka 1967? Wapo wanaomtaja mchungaji wa Kimasai, Ally Juuyawatu. Wapo wanaomtaja Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha aliyekuwa akisaka madini. Serikali inamtambua Jumanne Ngoma. Mwaka 2018, siku ukuta unaozunguka machimbo ya Mererani ulipozinduliwa, Rais Magufuli alimzawadia shilingi milioni 100.

Kwenye jina hakuna mabishano. Maabara zilibaini kwamba jiwe ni zoisaiti, madini yaliyokwisha kuitwa hivyo tangu 1805 kwa heshima ya Sigmund Zois, tajiri wa Ljubljana aliyependa kukusanya mawe. Kampuni ya Tiffany ya New York ilitaka kuliuza, lakini zoisaiti ikitamkwa Kiingereza inakaribiana mno na neno la kujiua. Nani amvishe mchumba wake pete ya namna hiyo? Henry Platt wa Tiffany akaja na tanzanaiti, na mwaka 1968 likaingia sokoni. Nchi yenyewe ilikuwa na jina lake kwa miaka minne tu.

Jiwe lenyewe linastahili sifa. Mengi hutoka shimoni yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Yakipashwa moto wa nyuzi mia tano na ushee ndipo buluu inapojitokeza. Lile ambalo halijapita motoni, ukilizungusha mwangani, upande mmoja ni buluu, wa pili zambarau, wa tatu damu ya mzee.

Kinachoniuma mimi ni jiwe jingine. Mwaka huohuo wa 1967, huko Lemshuko, Simanjiro hiyohiyo, mjiolojia Campbell Bridges alikuta ganeti ya kijani kibichi. Hakupata ruhusa ya kuisafirisha nje, akaufuata mkanda wa miamba hadi Taita Taveta, Kenya, akaipata tena. Mwaka 1974 Tiffany waliipa jina kwa kufuata hifadhi iliyo karibu na hapo: tsavoraiti. Simanjiro ilitangulia, Tsavo ikapewa. Ukienda kwa wanunuzi wa Arusha utasikia bado wanaiita grini ganeti, na sidhani kama ni kwa kinyongo, ni mazoea tu.

Kuna jina moja, hata hivyo, lililotoka midomoni mwa watu wa machimboni likafika Ulaya. Katika bonde la Mto Umba, mkoani Tanga, miaka ya 1960, wachimbaji wakisaka ganeti ya waridi walikutana na ganeti yenye rangi ya kati ya chungwa na waridi, isiyoingia katika kundi lolote. Wanunuzi wakaikataa. Ikaitwa malaya. Baadaye soko lilibadili mawazo, bei ikapanda, na vitabu vya vito vikalieleza neno hilo kwa upole kuwa maana yake ni "aliyetengwa na ukoo". Wengine wakalibadili kidogo liwe malaia. Sisi tunaosoma Kiswahili tunacheka kimyakimya.

Longido nako kuna mwamba wa zoisaiti ya kijani wenye madoa mekundu ya rubi. Unaitwa anyolaiti, kutokana na anyoli, kijani kwa Kimasai. Ni ndugu wa damu wa tanzanaiti, ila hakuna aliyehangaika kuutafutia jina la New York.

Mwaka 2016 Mererani nayo ilikumbukwa. Madini mapya ya salfaidi yaliyopatikana huko yalisajiliwa kwa jina la merelaniaiti. Kibao kimoja kinaandika Mererani, kingine Mirerani. Wataalamu wakachukua Merelani, yenye L. Ni nyuzi za rangi ya fedha iliyofifia, nyembamba kama unywele, zilizojiviringisha juu ya mawe mengine. Mchimbaji anayesaka buluu angezipangusa kwa kidole, aone kilicho chini yake.