Iridium: Mikataba, Wabia na Deni la Mtandao wa Angani

Maandishi mengi ya taaluma ya biashara huitaja Iridium, kampuni ya simu za setilaiti iliyobuniwa ndani ya Motorola ya Marekani, kuwa mfano wa wahandisi walioipenda mno kazi yao hata wakasahau kuuliza mnunuzi yuko wapi, na kwamba simu za mkononi za kawaida zilienea haraka zikaikuta haijapata soko. Maelezo hayo yana sehemu ya ukweli, kwani simu ya Iridium ilikuwa nzito, iliuzwa kwa takriban dola 3,000 na haikushika mawimbi vizuri ndani ya majengo. Lakini kurudiwa kwake kumefunika jambo zito zaidi, yaani namna wabia walivyofungana kwa mikataba na namna walivyoshindwa kukubaliana nani abebe hasara. Hukumu aliyoitoa Jaji James Peck wa mahakama ya ufilisi ya New York tarehe 31 Agosti 2007 inalimulika jambo hilo kwa kina, nayo hutajwa mara chache mno kulinganishwa na uzito wake.

Chimbuko la mradi linafahamika. Wahandisi watatu wa Motorola, Bary Bertiger, Raymond Leopold na Ken Peterson, waliubuni mwaka 1987. Setilaiti 77 za mpango wa awali zikapunguzwa kuwa 66, na huduma ikafunguliwa tarehe 1 Novemba 1998 baada ya gharama ya takriban dola bilioni 5.

Muundo wa ubia ndio unaostahili kuchunguzwa polepole. Motorola ilikuwa na takriban moja ya tano ya umiliki, na papo hapo ilikuwa muuzaji mkuu wa kampuni hiyohiyo: mkataba wa kujenga mtandao wa angani ulikuwa wa dola bilioni 3.45, na ule wa kuuendesha na kuutunza kwa miaka 5 ulikuwa wa dola bilioni 2.89. Wabia wengine, wakiwemo makampuni kutoka Japani, Korea Kusini, Italia, Ujerumani, Urusi, China, India na Saudia, pamoja na kampuni iliyoitwa Iridium Africa, waligawiwa maeneo ya dunia, na kila mmoja alitarajiwa kushughulikia kituo cha ardhini, yaani mitambo inayounganisha setilaiti na mitandao ya simu ya nchi, kutafuta leseni za serikali na kuwauzia wateja wa eneo lake. Bodi ilikuwa na wajumbe 28, karibu wote wakiwakilisha wabia. Kwa mpangilio huo Motorola ililipwa kwa kujenga na kuendesha hata kabla wateja hawajapatikana, ilhali kazi ya kuwapata iliangukia washirika wasio na nguvu sawa wala maandalizi sawa. Kuwalaumu washirika hao kwa uvivu wa kuuza, kama wanavyofanya baadhi ya waandishi, ni kusahau kwamba huduma ilipofunguliwa simu zenyewe zilikuwa haba.

Hesabu za mwaka 1999 zilidhihirisha udhaifu huo upesi. Masharti ya mkopo wa benki wa dola milioni 800 yalidai wateja 27,000 wa simu za setilaiti kufikia mwisho wa Machi, na kampuni ilikuwa na wateja 10,294 tu wa huduma zake zote. Mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu, Edward Staiano, alijiuzulu, na nafasi yake ikashikwa na John Richardson, aliyekuwa mkuu wa Iridium Africa. Yalifuata mazungumzo ya miezi kadhaa ambamo Motorola ilishikilia kwamba haitatoa fedha zaidi mpaka wabia wengine na wadai nao wachangie, huku wenye hatifungani, yaani waliokuwa wameikopesha kampuni kupitia soko la mitaji, wakitaka Motorola, iliyokwisha kulipwa mabilioni, ibebe mzigo mkubwa zaidi. Tarehe 13 Agosti 1999 kampuni iliomba Delaware kinga ya mahakama dhidi ya wadai, na siku hiyohiyo kundi la wenye hatifungani likafungua shauri lake New York, hivyo kwamba hata mahali pa kusikilizwa palikuwa ugomvi.

Tajiri wa mawasiliano Craig McCaw, aliyetarajiwa kuwekeza ili kuiokoa kampuni, alipojiondoa mapema Machi 2000, huduma ilikatwa siku chache baadaye, nayo Motorola ikaandaa mpango wa kuziteremsha setilaiti ziungue angani. Zilinusuriwa na Dan Colussy, aliyewahi kuwa rais wa shirika la ndege la Pan Am, ambaye kundi lake lilinunua mali yote kwa dola milioni 25, likitegemea mkataba wa miaka 2 na Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa dola milioni 72. Miongoni mwa waliochangia mtaji ilikuwamo Syncom, kampuni ya uwekezaji ya Wamarekani Weusi.

Wadai wa kampuni ya zamani waliishtaki Motorola, wakidai kwamba Iridium ilikuwa imefilisika kitambo, na kwa hiyo mabilioni iliyoyalipa Motorola yarudishwe. Jaji Peck aliwakatalia, kwa kuwa bei ya hisa sokoni na mikopo ya benki ya wakati ule ilikuwa ushahidi wenye uzito kuliko makadirio ya wataalamu yaliyofanywa baada ya anguko. Hoja yake ni nzito, na inawadhoofisha wanaodai kwamba upuuzi wa mradi ulikuwa dhahiri kwa kila mtu. Hata hivyo, kuthibitisha kwamba soko lilikuwa na imani hakujibu kama ilikuwa haki mbia mmoja awe mmiliki na muuzaji kwa pamoja. Swali hilo halikuwa la mahakama ile, na wanahistoria wa biashara hawana sababu ya kuliacha.

Kampuni nyingine za simu za setilaiti, ICO na Globalstar, zilizofuata njia ya ufilisi mwaka 1999 na 2002, zinahitaji uchunguzi wake. Kwa upande wa Iridium, mtandao uleule wa setilaiti 66, ukiwa umeondolewa deni la ujenzi wake, uliendelea kufanya kazi hadi ulipobadilishwa kwa setilaiti mpya zilizorushwa kati ya 2017 na 2019, na kufikia mwisho wa 2023 kampuni ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 2.