Gari Jepesi si Gari Tupu

Kwenye gereji za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kariobangi Light Industries hadi vibanda vya mafundi kando ya Barabara ya Jogoo, kuna hoja inayotolewa kama sheria: toa uzito, gari litakimbia. Kijana akileta Subaru yake, viti vya nyuma vinang'olewa, zulia linabanduliwa, springi zinakatwa. Akitokea wa kudai ushahidi, anatajiwa mwaka wa 1974. Joginder Singh, ataambiwa, aliishinda Porsche kwenye mbio za magari za Safari Rally akiwa na kigari cha Mitsubishi, na alishinda kwa sababu kigari hicho kilikuwa chepesi.

Hoja hii nusu yake ni kweli. Nusu iliyobaki imeharibu magari mengi, na imewanyima haki watu waliolielewa jambo hili vizuri zaidi, yaani madereva na mafundi wa hapa kwetu. Nimerudi kwenye matokeo ya Safari kwa sababu hiyo, na hasa kwenye mstari mmoja ambao wanahistoria wa mbio hizi huuruka: nafasi ya 12, mwaka wa 1993.

Tuanze na hesabu yenyewe. Chukua nguvu za injini, zigawanye kwa uzito wa gari. Unachopata ndicho uwiano wa nguvu kwa uzito. Unaweza kuupandisha kwa njia mbili, kuongeza nguvu au kupunguza kilo. Muingereza Colin Chapman wa kampuni ya Lotus alijenga jina lake kwa njia ya pili: Lotus Seven ya 1957 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 500, na kwa injini ndogo ililisumbua gari la bei mara mbili yake. Alikuwa na sababu nzuri. Nguvu ikiongezwa, faida huonekana unapokanyaga mafuta tu. Kilo zikipungua, faida huonekana unapokanyaga mafuta, unapofunga breki na unapokata kona. Lakini Lotus ilitengenezewa lami laini na mbio za saa chache. Afrika Mashariki iliuliza swali jingine.

Mashindano ya Coronation Safari yalianza Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na magari yaligawanywa kwa bei ya dukani badala ya ukubwa wa injini. Mwaka uliofuata ushindi ulikwenda kwa Vic Preston na D. P. Marwaha waliokuwa na Volkswagen Beetle, gari lenye takriban nguvu farasi 30. Katika miaka ya 1960 Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Halikuwa gari la michezo, bali gari la familia lenye kilo elfu moja na ushei. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza, saba tu ndiyo yaliyomaliza. Anayetaka kujua Safari ilipima nini atafakari hesabu hiyo kabla ya kusoma chochote kingine.

Sasa 1974. Porsche ilikuja na Björn Waldegård wa Uswidi na gari la Carrera RS. Gari hilo lilikuwa mfano bora wa kupunguza uzito kwa akili. Mabati ya mwili yalikuwa membamba kuliko ya 911 ya kawaida, vioo vyembamba, na ndani mlango ulivutwa kwa mkanda badala ya mshikio. Toleo jepesi la barabarani lilikuwa na kilo 960 hivi na nguvu farasi 210, yaani karibu nguvu farasi 219 kwa kila tani. Mitsubishi Lancer 1600 GSR aliyoendesha Joginder, kwa toleo la barabarani, ilikuwa na kilo 825 hivi na nguvu farasi 110, yaani takriban 133 kwa tani. Magari ya mashindano yalirekebishwa pande zote mbili, lakini pengo la namna hiyo halizibwi kwa kubadilisha kabureta.

Hapo ndipo simulizi ya gerejini inapopinda. Kwa kilo tupu, Lancer ilikuwa nyepesi kweli. Kwa uwiano wa nguvu kwa uzito, ilikuwa nyuma sana. Kama uwiano ndio ungeamua, Waldegård angefika Nairobi wa kwanza, na kwa muda mrefu ilielekea kuwa hivyo, kwani alikuwa akiongoza. Kisha mfumo wa magurudumu wa Porsche ukavunjika, Joginder akapita, na Waldegård akaambulia nafasi ya pili. Porsche ilirudi 1978 na gari la 911 SC na kupata nafasi ya pili tena, safari hiyo kupitia kwa Mkenya Vic Preston Junior. Katika miaka yote ambayo Safari ya kale ilikuwa kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia, Porsche haikuishinda hata mara moja.

Wapo wanaosema ilikuwa bahati. Maelezo hayo siwezi kuyapa nafasi kubwa. Joginder alishinda 1965 na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano Ulaya, akashinda 1974, akashinda tena 1976. Kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, mtoto wa mwenye gereji, akawa makanika, na 1958 akaajiriwa na chama cha magari cha Royal East African Automobile Association kuwasaidia madereva walioharibikiwa njiani. Mtu aliyeanza kwa kuokota magari ya wengine barabarani alijua kila gari hukatikia wapi. Bahati haifanyi kazi ya namna hiyo mara 19.

Maelezo yanayostahili subira ni yale yanayotenganisha mambo mawili ambayo simulizi inayachanganya. Uwiano wa nguvu kwa uzito hukuambia gari litaongeza mwendo upesi kiasi gani. Kilo zenyewe hukuambia kitu kingine: springi zitapigwa kwa nguvu gani gari likitua shimoni, tairi zitalika haraka kiasi gani, breki zitachemka lini, na watu wangapi watahitajika kulisukuma kutoka matopeni. Lancer ilifaidika na hili la pili, kwa sababu kila pigo la barabara lilipata kitu kidogo cha kuvunja. Isitoshe, gari la Safari halikujengwa kwa kuondoa tu. Liliwekewa bamba nene la kukinga injini, vyuma vya mbele vya kukinga wanyama, taa za ziada, tairi za akiba na tangi kubwa. Lita 100 za petroli peke yake ni kilo 75 hivi. Mafundi walipunguza kilo zisizofanya kazi, kisha wakazirudisha, na zaidi, mahali penye kazi. Springi hazikukatwa, gari liliinuliwa.

Miaka iliyofuata inathibitisha jambo lilelile, kwa hiyo sitaikalia. Mwaka wa 1986, wakati wa magari ya Kundi B, daraja la magari ya mbio yenye nguvu nyingi mno, Peugeot ilileta 205 T16 yenye injini katikati na uwiano ambao haukuwa umewahi kuonekana kwenye njia zetu, na Lancia ikaja na 037. Aliyeshinda ni Waldegård yuleyule, sasa akiwa na Toyota Celica iliyosukumwa na magurudumu ya nyuma, gari zito zaidi na la kizamani zaidi.

Mstari wa 1993 ndio unaonishughulisha zaidi. Matokeo ya mwaka huo husomwa hadi nafasi ya nne, kwa sababu Toyota ilizoa nafasi zote nne za juu, Juha Kankkunen akiwa wa kwanza. Shuka hadi nafasi ya 12. Hapo yupo Mkenya Patrick Njiru, na gari lake ni Subaru Vivio.

Vivio ni gari dogo la mjini la Kijapani. Injini yake ni ya cc 658, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Gari la barabarani lilikuwa na kilo 700 hivi na nguvu farasi 64, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana magari ya daraja hilo yasikipite. Huo ni uwiano wa takriban 91 kwa tani, chini kabisa ya Lancer ya 1974. Subaru ilileta magari matatu. Moja alipewa Mskoti Colin McRae, kijana aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1995. Jingine alipewa Njiru. McRae aliliendesha kwa kasi iliyowashangaza wote, akiwakimbiza wenye magari yenye nguvu mara kadhaa ya lake, hadi gari likavunjika. Njiru alifika, akachukua ushindi wa daraja lake.

Historia haitupi mara nyingi jaribio safi namna hii. Gari ni lilelile, kilo ni zilezile, injini ni ileile, njia ni ileile. Kilichotofautiana ni dereva aliyejua gari jepesi linaweza kuvumilia nini. Katika vitabu vya Ulaya McRae hupewa kurasa na Njiru sentensi. Kwangu mimi, huyu wa pili ndiye aliyeandika sura ya mwisho ya hoja iliyoanzishwa na Joginder. Mwaka uliofuata, akiwa na Subaru Impreza, alimaliza wa nne katika Safari nzima, na matokeo hayo nayo yangepaswa kujulikana na kila mtoto wa Umoja na Dandora anayetamani usukani.

Je, haya yanaihusu nini mitaa isiyopitiwa na Safari? Eastlands imekuwa ikifanya hesabu hiyohiyo kwa miaka 50. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila leseni ambazo kampuni ya mabasi ya Kenya Bus Service ilikuwa nazo, na pikapu zilizofunikwa, Peugeot 404 zikiwa miongoni mwake, zikawa usafiri wa wakazi wa mitaa iliyokuwa ikikua upande wa mashariki. Gari lile lililoshinda Safari kwa uimara lilibeba watu kwa uimara uleule.

Tazama mlango wa pikapu au lori lolote la biashara. Utaona namba zilizopigwa rangi kwa mkono, mara nyingi herufi zikiwa zimepinda kidogo: uzito wa gari tupu, kisha mzigo unaoruhusiwa. Kisanduku cha uzito kimo pia ndani ya kitabu cha gari. Ni takwimu za historia zinazotembea barabarani bila kusomwa.

Tuzisome. Chukua matatu ya abiria 14, iwe na kilo 1,700 ikiwa tupu na nguvu farasi 90. Ikiwa tupu, uwiano ni 53 kwa tani. Ikijaza watu 14 wa kilo 70, unashuka hadi 34 hivi. Ikipakia watu 20, kama ilivyokuwa kawaida zamani, unabaki 29. Fundi akiondoa kilo 50 za vyuma na tairi ya akiba kwenye matatu iliyojaa, faida haifiki hata nguvu farasi moja kwa tani. Abiria sita wa ziada wanakula karibu tano, na wanaongeza mzigo wa breki kwa asilimia 16 hivi. Kanuni za Waziri John Michuki za 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zinakumbukwa kwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kwa maoni yangu, kilichoziponya breki za matatu zaidi ni ile amri nyingine: abiria asizidi idadi ya viti, kila mmoja na mkanda wake.

Bodaboda imelisukuma jambo hili hadi mwisho wake. Pikipiki ya cc 150 yenye nguvu farasi 12 na kilo 120 ina uwiano wa 100 kwa tani ikisimama peke yake, kiwango cha gari zuri. Mwendeshaji wa kilo 70 akipanda, unakuwa 63. Abiria wawili wakipanda nyuma, unakuwa 36, karibu sawa na matatu iliyojaa. Kwenye pikipiki, uzito ni watu. Ndiyo maana kung'oa vioo vya pembeni na taa za kuonyeshea ni kupoteza usalama kwa faida isiyopimika. Mafundi wa kuchomelea wanalijua hili. Pikipiki mpya ikifika kwao, hawaipunguzi chochote: wanaiongezea keria ya chuma, vyuma vya kukinga miguu, na springi za ziada nyuma. Hicho ndicho walichokifanya mafundi wa Safari, kuweka chuma mahali panapobeba.

Kijana wa Buruburu au Kayole anayetaka gari jepesi hajakosea. Aanze na kilo zisizobeba kitu: rimu nzito, spika zilizojaa buti, vyuma vya pambo. Kila kilo inayotoka kwenye gurudumu ina thamani zaidi kuliko inayotoka kitini, kwa sababu springi haiibebi. Asiguse springi, breki wala mikanda. Na anayetaka kumtaja Joginder kama shahidi wake amtaje kwa haki: Joginder, Simba wa Kenya, alishinda kwa gari dogo lililoimarishwa, na Patrick Njiru alirudia somo hilo miaka 19 baadaye, katika nafasi ya 12.