Kimeng'enya Kilichosahau Kusoma

Ndugu msomaji, kama unahangaika uanzie wapi hadithi yako, hauko peke yako. Bakteria wa tumboni aitwaye E. coli ana herufi zipatazo milioni 4.6 za DNA, zimefuatana bila nafasi wala nukta. Jeni inaanzia wapi humo? Akikosea, hali, hakui, anakufa.

Anayenakili herufi hizo ni kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi. Kati ya 1959 na 1960, Samuel Weiss, Jerard Hurwitz, Audrey Stevens na James Bonner walikigundua Marekani, kila mmoja kwa njia yake. Basi, mnakili kapatikana. Lakini nani anamwonyesha mahali pa kuanzia?

Jibu lilikuja kwa njia ya ajabu. Richard Burgess, mwanafunzi wa udaktari pale Harvard, alikuwa akikisafisha kimeng'enya hiki kwa kukipitisha kwenye mrija wenye fosfoselulosi. Kikatoka safi kabisa. Kwenye DNA ya ndama kikachapa kazi. Kwenye DNA ya kirusi T4, kikagoma!

Mwingine angesema nimeharibu, akamwaga. Kumbe usafishaji ulikuwa umebandua protini moja. Irudishe, kazi inaanza upya. Ikaitwa sigma. DNA ya ndama ilikuwa na nyufa, na kimeng'enya kisicho na sigma huweza kuanzia penye ufa wowote. DNA ya T4 ilikuwa nzima, ikahitaji msomaji wa kweli. Huko Rutgers, John Dunn na Ekkehard Bautz walikuwa wanafuata jambo hilo hilo. Mwaka 1969 makala moja ikatoka katika jarida la Nature, ikiwa na majina ya Burgess, Andrew Travers, Dunn na Bautz.

Sigma inasoma nini hasa? Mwaka 1975 David Pribnow alilinganisha sehemu chache zilizojulikana, akaona kitu kama TATAAT, herufi kumi hivi kabla ya mwanzo. Heinz Schaller na wenzake Ujerumani nao wakaliona mwaka huo huo. Baadaye ikathibitika alama nyingine, TTGACA, karibu na ya 35. Mwaka 2011 Andrey Feklistov na Seth Darst walionyesha picha yenyewe: A ya pili na T ya mwisho za TATAAT huchomolewa kwenye uzi, zikaingia katika vishimo vya sigma. Ndipo uzi unafunguka.

Sasa utauliza, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kifuani. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huziba njia ya kimeng'enya hiki cha bakteria. Herufi mbili tatu zikinakiliwa, kazi inakwama. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki jaribio lililoonyesha kwamba miezi 6 ya matibabu yenye dawa hiyo inaweza kutosha, badala ya miezi 18. Matokeo yalichapwa 1972 katika Lancet. Leo bakteria sugu wamebadili herufi za jeni ya kimeng'enya hicho hicho, na vita inaendelea.

Majina ya wataalamu tunayo. Ya wagonjwa wale hayakuchapwa. Baadhi yao huenda bado ni wazee wa mitaa yetu. Kijana mwenzangu, wewe mwenye kalamu, kawaulize wazee, uandike.