Walinzi wa Utoto na Zimwi la Ukambani

Mnamo Novemba 2012 kampuni ya DreamWorks Animation ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo Rise of the Guardians, iliyoongozwa na Peter Ramsey kwa kufuata vitabu vya William Joyce, ambamo Baba Krismasi, Sungura wa Pasaka, malaika wa meno, mleta usingizi na Jack Frost, mleta baridi, wanashikamana kuwahami watoto dhidi ya dhalimu Pitch, mpanda hofu nyoyoni. Sharti la hikaya hiyo ni moja: mlinzi huwa na nguvu maadamu watoto wanamsadiki.

Kati ya hao, aliyekita mizizi Mwingi, mji wa Ukambani nchini Kenya, ni Baba Krismasi, ambaye asili yake ni Nikolao, askofu wa Myra katika Uturuki ya leo, aliyesifika karne ya 4 kwa sadaka za siri. Desemba ikifika, picha yake yenye koti zito hubandikwa madukani, ilhali nje jua ni kali, ndengu na kunde zimestawi kwa mvua za vuli, na mabasi ya njia ya Garissa yanashusha jamaa watokao Nairobi.

Lakini dahari nyingi kabla ya picha hiyo, watoto wa Ukambani walikuwa na viumbe wao. Jioni, kazi zikiisha, susu, yaani bibi, aliwahadithia wajukuu habari za eimu, zimwi lenye kujigeuza kijana jamali, likaingia ngomani na kumghilibu binti asiyesikia la mkuu, kisha likarudia umbo lake la kumeza watu na mifugo. Likishindwa, huusia likatwe kidole cha mwisho. Nacho kikikatwa, wote waliomezwa hutoka wazima, wanadamu, ng'ombe na mbuzi. Hapa ndipo hikaya zetu zinapohitilafiana na filamu ile: kwao hofu ni adui wa mtoto, kwetu hofu ilikuwa mlinzi wake, iliyomtahadharisha kwamba shari huja kwa sura njema, na kwamba mwenye moyo aweza kuishinda.

Hazina hiyo haikupotea. Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Uswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, alichapisha hadithi, vitendawili na nyimbo za Wakamba katika juzuu tatu baina ya 1928 na 1935. Baadaye John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, alikusanya hadithi zipatazo 1,500, na mwaka 1966 akatoa 78 kati yake katika kitabu Akamba Stories.

Kutoka kitabuni hadi kwenye kiwambo si safari isiyowezekana. Mwaka 2011 mtengenezaji wa katuni Kwame Nyong'o alitoa The Legend of Ngong Hills, katuni ya zimwi la Kimaasai lililompenda binti mzuri, akathibitisha kwamba ngano zetu zastahili sanaa hiyo.

Ukambani nako kuna eimu, na kuna jiwe la Nzambani karibu na mji wa Kitui, ambalo husemwa kwamba mwenye kulizunguka mara 7 hubadilika jinsia. Basi yafaa walimu na wachoraji vijana wa Mwingi wakae na wazee wangali hai, wawarekodi kwa Kikamba chao, ndipo washike kalamu zao. Kwani vitabu vimehifadhi maneno, bali lahani ya msimulizi, vituo vyake na kicheko chake, humo havimo.